Papa 11 mfukoni na bado kafa: chakula kwenye gemu kinavyofanya kazi

Mpwa wangu alinikuta Kirumba, Mwanza, jioni, nikishona midomo ya magunia ya dagaa. Simu mkononi, uso umemshuka.

"Shikamoo mjomba. Nimekufa na papa 11 mfukoni. Chakula hakikuniishia. Sasa nimekufaje?"

"Marahaba. Kaa hapo juu ya gunia."

Jibu la swali lake si la dakika mbili. Vijana wengi wanaocheza hapa mjini, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, wanakwama palepale alipokwama yeye. Wanahesabu chakula cha mhusika wao kama mtu anayehesabu debe za mahindi ghalani: kikiwa kingi wako salama, kikiwa kichache wako hatarini. Hesabu hiyo ni ya ghalani. Vitani inaua.

Gemu lenyewe ni Old School RuneScape, la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Lilitoka mwaka 2013, na tangu 2018 linachezeka kwenye simu kwa akaunti ileile unayotumia kwenye kompyuta. Ndiyo maana limewafikia hata watu ambao hawajawahi kumiliki kompyuta. Mpwa wangu alikuwa ameingia kwenye mapango ya TzHaar, mahali ambapo maadui wanakuja kwa mawimbi 63, moja baada ya jingine, na wimbi la mwisho ni dude moja kubwa liitwalo TzTok-Jad. Alikaa humo zaidi ya saa nzima. Akafika kwa Jad, akapigwa pigo moja, akaanguka, na wale papa 11 wa kuchoma hakuwahi hata kuwagusa.

Kabla ya kumjibu ilibidi nimuulize: unadhani chakula mle kina kazi gani?

Magemu ya kuigiza wahusika hayatumii chakula kwa namna moja. Yapo yenye njaa ya kweli: mhusika asipokula anadhoofika, na kazi yako kubwa ni kuhakikisha jiko halizimi. Yapo yanayotumia chakula kama maandalizi, mfano Final Fantasy XIV, ambako mlo mmoja unampa mhusika nguvu za ziada kwa dakika 30, kwa hiyo unakula kabla ya kuingia vitani. World of Warcraft nayo ina vyakula vya kurudisha uhai ambavyo unakula ukiwa umeketi, nje ya mapigano. Adui akishakurukia, sahani umeiacha. Mtu akihama kutoka gemu moja kwenda jingine na mazoea yake ya kula, atapata shida, kama mtu wa bara anayekula dagaa wabichi akidhani ni wakavu.

Old School RuneScape ni tofauti na hayo yote. Hakuna njaa. Mhusika anaweza kukaa mwezi mzima bila kutia kitu mdomoni na asidhurike. Chakula mle ni dawa ya jeraha, na kinaliwa katikati ya kipigo. Unaanza na pointi 10 za uhai, na ukifanya mazoezi ya kutosha kiwango chako kinafika 99, hapo ndipo mwisho. Ukipigwa zinapungua, zikiisha umekufa. Zinarudi zenyewe, ila ni moja tu kwa dakika, na dakika moja vitani ni muda wa kufa mara nne. Kwa hiyo unakula. Kamba mdogo anarudisha 3, trauti 7, samoni 9, jodari 10, kambakoche 12, nduaro 14, papa 20.

Kosa linaanzia kwenye orodha hiyo. Mtu anaiona, anasema papa ndiye bora, anajaza papa. Namba hiyo ni ya kweli lakini inajibu swali moja tu kati ya matatu. Kila safari ya vita ina upungufu wa aina tatu: wa nafasi, wa muda na wa fedha. Chakula kizuri ni kile kinachoziba upungufu unaokubana wewe, siku hiyo, mbele ya adui huyo.

Sisi wa ziwani tunahitaji kuambiwa jambo moja mapema, kwa sababu mazoea yetu yanatupotosha. Huku kwetu adui wa chakula ni kuoza. Ndiyo maana mitumbwi inayokwenda visiwani kuchukua sangara inaondoka na barafu, ndiyo maana dagaa wanaanikwa kabla jua halijageuka, ndiyo maana bibi zetu wa Kisukuma walikata viazi vitamu wakavianika mbichi vikawa michembe, au wakavichemsha kwanza vikawa matobolwa, ili viwafikishe kiangazi. Ndani ya gemu hakuna kinachooza. Samaki uliyemweka kwenye benki ya gemu mwaka 2019 ukimtoa leo yuko vilevile, hajaharibika. Hivyo akili yote tuliyorithi ya kuhifadhi haina kazi mle, na akili inayohitajika ni ile ya kupakia.

Sasa nafasi. Mfuko wa mhusika una vyumba 28, basi. Sarafu milioni moja zinakaa chumba kimoja, lakini samaki hawabebani: papa mmoja, chumba kimoja. Benki inaweza kukupa samaki wako kwa hati, na hati zikapandana hata elfu kwenye chumba kimoja, ila hati hailiwi. Hiyo ni ya kusafirishia na kuuzia tu. Nimeona mtu aliyeingia vitani na hati ya papa 200, akafa akiibonyeza.

Ukiwa na upungufu wa nafasi, swali linakuwa: chumba kimoja kinanipa uhai kiasi gani? Hapo ndipo vyakula vinavyodharauliwa vinapanda. Piza ya dagaa wa baharini inaliwa mara mbili, kila mara inarudisha 9, jumla 18 kutoka chumba kimoja. Kwa mchezaji asiyelipia uanachama, ambaye papa hawaruhusiwi kwake, hiyo inampita nduaro wa 14. Na juu kabisa ipo dawa iitwayo Saradomin brew: chupa moja ina dozi 4, na mtu mwenye uhai 99 kila dozi inamrudishia 16. Chupa moja, chumba kimoja, uhai 64. Papa watatu hawafiki hapo.

Ila brew ina bei yake. Kila ukiimeza, uwezo wako wa kushambulia unashuka, upanga, upinde na uchawi vyote, na lazima uurudishe kwa dawa nyingine, super restore. Desturi ya wachezaji wazoefu ni dozi moja ya kurudisha kwa kila dozi tatu za brew. Piga hesabu: chupa 3 za brew na 1 ya restore zinachukua vyumba 4 na kukupa uhai 192, yaani 48 kwa chumba. Vyumba hivyohivyo 4 vikiwa na papa ni 80. Bado brew imeshinda, lakini imeshinda kwa 48, si kwa ile 64 uliyoiona mwanzo. Anayepakia kwa namba ya kwanza anajikuta katikati ya vita ana uhai tele na mkono hauna nguvu hata ya kuua panya.

Kuna upande wa nafasi ambao watu hawaufikirii kabisa. Mfuko uliojaa chakula hauna mahali pa kuweka mali. Ukienda kuwinda majitu ya vilimani, yanayopiga si zaidi ya 4, na umebeba nduaro 28, jitu la kwanza likianguka utaangalia mifupa yake mikubwa chini na huwezi kuokota. Kila samaki unayemla anafungua chumba kimoja cha mali. Kwa hiyo safari nzuri ni ile ambayo chakula kinaisha kwa mwendo uleule ambao mali inaingia. Ule mtumbwi wa barafu nilioutaja ndivyo unavyofanya: unaondoka Mwanza na barafu bila samaki, unarudi na samaki na barafu iliyobaki kidogo. Aliyejaza barafu mpaka ukingoni atawaweka wapi sangara?

Upungufu wa pili, muda, ndio mgumu kuuona, na ndio unaoua watu wengi kuliko mwingine wote.

Gemu hili halitembei kama saa ya ukutani. Linatembea kwa mapigo, wachezaji wanayaita tiki, na kila tiki ni sekunde 0.6. Kila kitu kinapimwa kwa tiki: hatua, pigo, kumeza. Ukila samaki, unasubiri tiki 3 kabla ya kula mwingine, na shambulio lako linalofuata linasogezwa mbele tiki 3 pia. Kula si bure. Unalipa kwa kusimama bila kupiga.

Chukua mfano huu uuone kwa karibu. Umepoteza uhai 60 na unataka kuurudisha. Kwa papa unakula 3, tiki 9, sekunde 5.4. Kwa trauti wa 7 unakula 9, tiki 27, sekunde 16.2. Adui wa kawaida anapiga kila baada ya tiki 4, yaani sekunde 2.4, kwa hiyo wakati unatafuna trauti wako amekupiga mara 6 au 7. Akiwa anapiga wastani wa 9, amekutoa uhai kama 60. Umekula samaki 9, mfuko umepungua vyumba 9, hukupiga hata mara moja, na uhai uko palepale ulipoanzia. Tuliposema chakula kingi, tulimaanisha nini hapo? Trauti 28 ni uhai 196, namba inayopendeza sana ukiwa umekaa benki. Mbele ya adui yule ni uhai sifuri.

Ndiyo maana wanaopigana na mabosi, wale maadui wakubwa, wanampenda samaki aitwaye karambwan, ambaye peke yake anarudisha 18, chini ya papa. Thamani yake ni kwamba anamezwa juu ya chakula kingine bila kusubiri zile tiki 3. Papa na karambwan papo kwa papo ni uhai 38 kwa kufumba na kufumbua. Unamweka kwa siku ya hatari, humtumii kwa majeraha madogo madogo.

Baada ya upungufu huo wa muda linakuja swali la lini ule. Hapa nilichukua fimbo nikachora mistari miwili mchangani, kwa sababu mpwa wangu ni mtu wa kuona.

Mstari wa juu ni mpaka wa hasara. Papa anarudisha 20. Ukiwa na uhai wa juu 99 na sasa una 90, ukila papa unapata 9 na 11 zinamwagika chini. Ili usimwage, ngoja mpaka upungukiwe angalau 20. Kwa hiyo mpaka wa juu ni uhai wako kamili ukitoa thamani ya chakula.

Mstari wa chini ni mpaka wa kifo. Kila adui ana pigo lake kubwa kabisa ambalo halivuki. Ukiwa na uhai sawa na pigo hilo au pungufu, unaweza kufa pigo linalofuata. Kwa hiyo mpaka wa chini ni pigo kubwa la adui, ongeza moja.

Kati ya mistari hiyo miwili ndipo pa kulia. Tuseme una uhai 60, unakula nduaro wa 14, unapigana na shetani mdogo wa gemu, ambaye pigo lake kubwa ni 8. Mpaka wa juu ni 46, wa chini ni 9. Una uwanja mpana, kula ukijisikia, hakuna presha, hata simu ikiita unaweza kuangalia nani anapiga. Sasa mtu yuleyule wa uhai 60, mwenye papa wa 20, akutane na adui mwenye pigo la 50. Mpaka wa juu ni 40, wa chini ni 51. Mistari imepishana! Hakuna mahali pa kula bila kumwaga. Kila mara lazima ule mapema, upoteze sehemu ya papa, na chakula ulichokadiria kitatosha saa nzima kitaisha kwa robo saa. Si kwamba umekuwa mlafi. Mistari imepishana, na tiba yake ni kuvaa vizuri ili upigwe mara chache, au kupandisha uhai kwanza, au kwenda na chakula cha aina ya anglerfish, ambaye anaweza kukuvusha juu ya uhai wako wa kawaida: mwenye 99 anafika 121 akila akiwa amejaa.

"Na Jad?" akauliza.

"Uhai wako ni ngapi ukiwa umejaa?"

"75."

"Jad anapiga mpaka 97."

Akaangalia mistari mchangani. Mpaka wa chini wa Jad, kwa mtu wa uhai 75, ni 98. Uko juu ya kichwa chake. Hakuna mahali popote, hata akiwa mzima kabisa, ambapo chakula kinaweza kumlinda. Wale papa 11 wangekuwa 28, au 100, asingekuwa na nafasi ya kula hata mmoja. Kinachomlinda mtu kwa Jad ni sala: kuna sala ya kuzuia uchawi na sala ya kuzuia mishale, na mchezaji anatazama Jad anajiandaa vipi, anabadilisha sala kabla pigo halijatua. Sala zina pointi zake, pointi zinaisha, na zinarudishwa kwa dawa. Yeye alikuwa amepakia papa 22 na dawa za sala 4. Mawimbi ya katikati yalizimaliza. Alipofika wimbi la 63 alikuwa na chakula kisichofaa na hana kile kinachofaa.

Wavuvi wanaokwenda kukaa kambi visiwani huko Ukerewe na Kome hawabebi samaki kwenda nao. Wanabeba unga, chumvi, mafuta ya kupikia, sabuni, dawa za malaria. Samaki wako huko. Kanuni ya mfuko wa vita ni hiyohiyo: anza na kile ambacho huko hakipatikani na ambacho kikikosekana umekwisha, halafu vyumba vinavyobaki ndivyo vya chakula. Watu wanapakia kinyume, chakula kwanza na dawa kwenye vyumba vya mwisho. Tena kuna sehemu za gemu zinazokulazimisha ulielewe hili: The Gauntlet unaingia mikono mitupu, unavua na kupika humohumo ndani kabla ya kukutana na bosi, na muda unakukimbia.

Niliahidi mambo matatu, na la fedha nitalipitia haraka kwa sababu watu wa Mwanza biashara wanaijua.

Gawanya bei ya chakula kwa uhai kinaourudisha, upate bei ya pointi moja. Ndiyo bei halisi. Kwa kazi nyepesi, kama yale majitu ya vilimani, hakuna sababu ya kula papa; kula cha bei nafuu, hata mtungi wa mvinyo unaorudisha 11, ingawa unapunguza kidogo uwezo wa kushambulia. Papa na karambwan wawekee wakubwa. Soko kuu la wachezaji, Grand Exchange, lililoingizwa kwenye gemu hili mwaka 2015, lina kikomo cha kiasi unachoweza kununua kila saa 4, kwa hiyo usingoje siku ya vita ndiyo ukanunue. Hapa mwaloni kila mtu anajua mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa zao hazivuti, mzigo unapungua na bei inapanda, na mwenye akili alishanunua wakati wa giza. Mle ndani bosi mpya akitolewa ni kama mbalamwezi: kila mtu anakimbilia chakula kilekile siku moja.

Kuna jambo moja la bei litakalomshangaza mtu yeyote wa Kirumba. Samaki mbichi mara nyingi ni ghali kuliko aliyepikwa. Huku kwetu kazi ya mkono inaongeza thamani: dagaa mkavu ana bei kuliko mbichi. Mle, watu wananunua wabichi ili wapike wapate uzoefu wa upishi, na chakula chenyewe kwao ni mabaki ya mafunzo. Kwa hiyo kama shida yako ni kula, nunua aliyepikwa. Ukitaka kupika mwenyewe, jua kwamba utaunguza. Kambakoche unaruhusiwa kumpika ukiwa na kiwango cha 40, lakini unaacha kumuunguza kabisa ukifika 74, au 64 ukiwa na glavu za upishi zinazotokana na kisa cha Family Crest. Katikati hapo weka hasara ya samaki wanaogeuka makaa kwenye hesabu yako.

Wapo waliochagua kutonunua kabisa. Tangu 2014 gemu lina aina ya akaunti iitwayo Ironman, ambayo hairuhusiwi kufanya biashara na mchezaji yeyote. Unakula ulichovua wewe. Hawa nawaheshimu sana, na nadhani kila anayetaka kuelewa chakula cha gemu hili angejaribu mwezi mmoja maisha yao. Kumpata karambwan, kwa mfano, lazima kwanza uvue karambwanji, samaki wadogo wadogo wanaovuliwa wengi kwa nyavu, uwafanye chambo, na ufike kiwango cha 65 cha uvuvi. Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliwakumbuka wavuvi wa sangara wanaotega furu na vikambare kwenye ndoano zao. Samaki mdogo hana thamani kubwa mezani, ila bila yeye mkubwa haji. Ironman anajifunza kuwa chakula cha bosi wa mwezi ujao kinavuliwa leo, jioni, bila haraka, kama michembe inavyoanikwa wakati viazi vimejaa na hakuna mtu mwenye njaa.

Limebaki suala la mtandao, na hili ni letu sisi tunaochezea huku. Seva nyingi za gemu, yaani kompyuta zinazoliendesha, ziko mbali: Uingereza, Ujerumani, Marekani, Australia. Amri yako ya kula inasafiri kutoka simu yako mpaka huko na kurudi. Chagua seva za Uingereza au Ujerumani, safari ni fupi zaidi kuliko za Marekani. Halafu rekebisha mstari wa chini. Nilisema ni pigo kubwa la adui ongeza moja, lakini hiyo ni kwa mtu ambaye kidole chake kinasikika papo hapo. Mtandao ukikwama sekunde 2 au 3, adui amepata nafasi ya kupiga mara mbili kabla samaki wako hajamezwa. Kwa hiyo kwa anayecheza kwa bando la simu, hasa jioni wakati kila mtu yuko mtandaoni, mpaka wa kifo ni mapigo mawili. Adui wa 20, kula ukiwa na 41. Utamwaga chakula kidogo zaidi, na beba vyumba viwili vitatu vya ziada kwa ajili hiyo. Na ukikatika katikati ya vita usidhani mhusika ametoweka, anabaki palepale kwa muda akipigwa, na hakuna anayemlisha.

Giza lilikuwa limeingia na mitumbwi ya dagaa inawasha taa moja moja kule mbali. Mpwa wangu alifuta mistari kwa mguu, akaichora upya mwenyewe, mara hii akiweka namba za Jad pembeni. Kisha akafungua benki yake kwenye simu, akaanza kupakia upya, akinisomea kwa sauti. Super restore 12, kwa sababu zinarudisha sala na nguvu zilizoshushwa na brew pia. Saradomin brew 4. Dawa za upinde 2. Akahesabu vilivyobaki.

"Vyumba 10, mjomba."

"Papa."

Akaweka papa 10, akaniomba tochi ili aone njia ya kushukia barabarani, akaniambia ataingia saa nne usiku, mtandao ukitulia.